Mdau atatujengea ghala, nasi tumpe kura: nisimame wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mkulima wa kahawa Mbozi na mjumbe wa bodi ya AMCOS yetu, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Kuna mfanyabiashara wa Mbeya mjini, kwao ni huku, ana malori na duka la pembejeo, na msimu ukifika hununua kahawa pia. Ameahidi kutuwekea mtambo mpya wa kumenya kahawa na kutujengea ghala. Anachoomba ni bodi imtangaze kuwa mlezi wa chama, na wanachama wamuunge mkono kwenye udiwani. Nilipopinga, mwenyekiti alisema mbele ya wenzangu kwamba misimamo haijengi ghala, na mkono mtupu haulambwi. Wengi walimpigia makofi. Je, ni mimi nisiyeiona hali halisi? Mtu mwenye msimamo afanye nini mbele ya nguvu ya pesa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na mwenyekiti wako, kwa sababu ni rahisi kumdharau na si haki. Mtu aliyeshuhudia kahawa ya wanachama ikilowana bandani, daraja likashuka na bei ikashuka nalo, ana sababu ya kulifikiria ghala usiku na mchana. Kahawa iliyomenywa vizuri, ikavundikwa, ikaoshwa na kuanikwa juu ya vichanja hadi ikawa ya maganda safi, yaani ganda jembamba la ndani linalobaki juu ya punje, haiuzwi bei moja na ile iliyoanikwa chini kwenye turubai. Hiyo ni ada ya mtoto, ni bati, ni mbolea ya msimu ujao. Anaposema mkono mtupu haulambwi hasemi uongo. Huko kwenu watu wana mahitaji ya kweli na mfanyabiashara ana pesa za kweli.

Lakini na wewe unaiona hali halisi. Unauona upande ambao wenzako hawajauangalia bado: mtu anayetaka kuwajengea ghala ndiye mnunuzi wa kahawa itakayohifadhiwa humo, ndiye muuzaji wa mbolea mnayoitumia, na anataka awe ndiye diwani wa kata. Chukua kalamu tupige hesabu ya mfano. Tuseme AMCOS yenu inakusanya kilo 80,000 za kahawa ya maganda kwa msimu. Mlezi wenu akipata nafasi ya kununua kwa bei iliyo chini kwa shilingi 300 tu kwa kila kilo kuliko ambavyo mngepata sokoni, kwa msimu mmoja zimekwenda shilingi milioni 24. Kwa misimu mitano ya udiwani ni milioni 120. Mpeleke fundi akukadirie mtambo na ghala, halafu uziweke hesabu hizo mbili pembeni kwa pembeni. Simtuhumu mtu nisiyemjua kwamba amepanga hivyo. Nasema kwamba anayejiita mtu wa hali halisi alipaswa kuwa wa kwanza kuipiga hesabu hii, na makofi yalipigwa kabla haijapigwa.

Hili unaloliuliza si jipya katika nchi yetu, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalijua kwa machungu. Wazee wa Iringa hawajasahau Isimani. Kuanzia miaka ya 1950 eneo lile lilifunguka kwa mahindi. Wakulima walinunua matrekta, wakalima ekari nyingi, wakaajiri vibarua, wengine wakakodisha mashamba. Hawakuwa mabwana waliotoka ng'ambo. Walikuwa Waafrika waliotajirika kwa kilimo chao. Lilipokuja Azimio la Arusha la Februari 1967, na baada yake siasa ya vijiji vya ujamaa, Isimani ikawa mahali pa kuonyeshea kwamba msimamo unaweza kuushinda utajiri kwa amri. Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyeiamini siasa hiyo kwa moyo wote, alikwenda shambani kwa Said Mwamwindi siku ya Krismasi ya mwaka 1971. Wakabishana. Mwamwindi akampiga risasi akafa, kisha akaubeba mwili kwenye gari lile lile la Mkuu wa Mkoa na kujipeleka mwenyewe polisi Iringa mjini. Alihukumiwa akanyongwa.

Nimekisimulia kisa hicho miaka mingi nikifundisha viongozi wa ushirika na wa vijiji, na kila mara kuna anayetaka nimtaje shujaa na mwovu. Sifanyi hivyo. Mauaji ni mauaji. Ila ninachokiona pale ni msimamo uliokuwa na lengo la haki, watu wachache wasiwageuze wenzao vibarua wa kudumu, ukakosa njia ya kuzungumza na mtu mwenye mali. Ulikuwa na amri peke yake. Na siku ile pale shambani hapakuwa na mkutano wa kijiji, hapakuwa na mkataba, wala hapakuwa na mtu wa tatu wa kuwaamua.

Upande wa pili wa historia unatufundisha jambo jingine. Azimio la Arusha liliweka miiko ya uongozi: kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo ilimhusu na mwenzi wake. Ilikuwa migumu, na wako walioikwepa kwa majina ya ndugu. Februari 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilipokutana Zanzibar, miiko ile ililegezwa. Hoja iliyotolewa inafanana sana na ya mwenyekiti wako: dunia imebadilika, mishahara haitoshi, viongozi nao ni watu. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mshahara wa mtumishi wa miaka ya 1980 ulikuwa hauvuki katikati ya mwezi.

Kosa ninaloliona mimi ni kwamba uzio uliondolewa kabla ya kujengwa mwingine. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ilikuja mwaka 1995, nayo ilimtaka kiongozi atamke mali zake. Kutamka mali ni jambo jema, lakini ni tofauti sana na kukatazwa kuchanganya biashara na cheo. Mwaka huo huo wa uchaguzi Mwalimu Nyerere alihutubia sherehe za Mei Mosi hapa Mbeya, akakemea rushwa na watu wanaoutafuta uongozi kwa fedha. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 2000, sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa jina la ukarimu wa jadi. Soda, pilau, kanga, nauli, vyote vikapata kinga ya sheria. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ukarimu ni tunu yetu. Mnyakyusa wa Rungwe akikukaribisha ndizi na maziwa hakudai kura yako, na si haki desturi ya namna hiyo kukodishwa ili rushwa ijifiche nyuma yake.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliifuta takrima. Mashirika ya haki za binadamu ndiyo yaliyofungua shauri, na hoja iliyobeba ilikuwa wazi: kifungu kile kiliwabagua wagombea maskini, kikampa mwenye pesa nafasi ambayo Katiba haimpi. Miaka minne kabla, mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilikuwa imefuta sharti la kuweka dhamana ya shilingi milioni 5 kabla kesi ya kupinga matokeo ya uchaguzi haijasikilizwa, katika shauri la Ndyanabo, kwa sababu mlango wa mahakama ulikuwa umefungiwa asiye na pesa. Kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, inayotaka vyanzo vya fedha za uchaguzi vitajwe na inayokataza zawadi za kuvutia kura. Ninakutajia haya ili ukimjibu mwenyekiti ujue kwamba unasimama juu ya kitu. Wanaokuambia pesa ndiyo siasa, ndivyo ilivyo na ndivyo itakavyokuwa, wanasahau kwamba katika nchi hii hii, kwa mahakama zetu wenyewe, pesa imewahi kukatazwa kuingia mahali ilipokuwa imeshakalishwa kwenye kiti.

Pesa haikuacha kutafuta mlango mwingine, hilo nalo tuliseme. CCM ilipozifungua kura za maoni kwa wanachama wote mwaka 2010, wengi tulitarajia kwamba watia nia wasingeweza kuwafikia watu wengi kiasi hicho na bahasha. Malalamiko ya rushwa hayakuisha. Ndiyo maana siwaamini wanaosema tatizo litakwisha kwa kubadili kanuni moja.

Sasa turudi Mbozi.

Ombi la mfanyabiashara wako lina mambo mawili yaliyofungwa kamba moja, na kazi yako ya kwanza ni kuyafungua. Kuna ghala na mtambo, na kuna kura. Kuhusu kura hakuna cha kujadili. Bodi haina kura za wanachama. Kura ni ya mtu mmoja mmoja, inapigwa kwa siri, na hakuna mkutano wowote wa AMCOS unaoweza kuikabidhi kwa mtu. Kwa hiyo bodi ikiahidi kuungwa mkono kisiasa inauza mali isiyo yake, na yule tajiri anayenunua naye anapunjwa. Zaidi ya hapo, chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 anayetoa na anayepokea wote wana kosa. Barua ya bodi yenye saini yako, inayosema tumpe udiwani kwa sababu ametujengea, ni ushahidi mtakaokuwa mmeuandika kwa mikono yenu. Mwambie mwenyekiti hivyo kwa upole mkiwa wawili, kabla ya kulisema kikaoni. Yeye ndiye atakayeitwa wa kwanza.

Kuhusu ghala, hapa usiwe mgumu. Watu wengi wenye msimamo hukosea hapa: wakishaona pesa ina harufu ya siasa wanakataa kila kitu, wanachama wanabaki na banda linalovuja, na msimu unaofuata hakuna anayewasikiliza tena. Vyama vya ushirika duniani vilikutana Manchester, Uingereza, mwaka 1995 wakaandika upya misingi yao. Msingi wa nne unasema chama kikichukua mtaji kutoka nje au kikiingia makubaliano na wengine, iwe serikali au mtu mwingine yeyote, kifanye hivyo kwa masharti yanayowaachia wanachama udhibiti wa chama chao. Soma tena hayo. Msingi wenyewe unakubali kwamba pesa ya nje itakuja. Unachokilinda ni nani anayeamua baada ya pesa kuingia.

Ukiwa na jambo hilo kichwani, neno ambalo ningelipinga kwa nguvu kuliko yote ni ulezi. Linasikika kama heshima tu, kiti cha mbele na kofia ya mgeni rasmi. Lakini mlezi huitwa kwenye vikao, huombwa ushauri juu ya bei, huonyeshwa hesabu, huulizwa nani awe meneja. Hakuchaguliwa na mkutano mkuu na mkutano mkuu hauwezi kumwondoa. Katika ushirika mwanachama mwenye miche 200 ana kura moja sawa na mwenye miche 5,000, na hiyo ndiyo roho ya jambo zima. Ulezi humpa mtu mmoja sauti kubwa isiyohesabiwa. Mpeni shukrani, mpeni cheti, jina lake liandikwe kwenye kibao cha ghala kama ni zawadi kweli. Kikao cha bei asiingie.

Yapo mapendekezo ambayo unaweza kumpelekea, na ningependa uende nayo yakiwa yameandikwa, ili usionekane mtu wa kupinga tu. Anaweza kutoa zawadi isiyo na sharti, baada ya uchaguzi kupita. Kama nia yake ni maendeleo ya kwao, miezi michache haitaiharibu nia hiyo, na jibu atakalotoa kwa pendekezo hili litakufundisha mengi. Anaweza pia kuwakopesha, kwa riba na muda unaojulikana, mkatwe kwa kilo. Hapo mkopo lazima uingie ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na mkutano mkuu na Mrajis wa vyama vya ushirika, na msimruhusu mtu awaambie kwamba huo ni urasimu, kwa sababu AMCOS nyingi zilizoanguka ziliangukia kwenye madeni ambayo wanachama walikuja kuyasikia baadaye. Au awe mnunuzi wenu wa wazi: ashindane na wengine, akitoa bei nzuri achukue mzigo.

Na ipo njia ya nne ambayo haimhitaji kabisa. Makato ya shilingi 100 kwa kila kilo katika ule mfano wetu wa kilo 80,000 ni milioni 8 kwa msimu. Hazijengi kila kitu mwaka wa kwanza. Lakini AMCOS yenye akiba hiyo na hesabu zilizokaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, inaweza kuingia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, au benki nyingine yoyote, ikiongea kama mkopaji. Pia, siku yule mfanyabiashara atakaporudi, atawakuta mna uwezo wa kusema hapana. Mimi naipenda njia hii kuliko zote, na najua ni ya polepole na kwamba mwanachama mwenye ada ya kulipa mwezi huu atanung'unikia makato hayo.

Utaniuliza: kama wanachama wenyewe, mkutanoni, kwa akidi halali, wakiamua kumkubali na masharti yake yote? Hapa tofautisha. Wakiamua jambo usilolipenda lakini halali, kwa mfano kumuuzia yeye msimu mzima kwa bei iliyokubaliwa, umeshindwa. Omba upinzani wako uandikwe kwenye muhtasari, ubaki kwenye bodi, uisimamie mizani. Usijiuzulu kwa hasira. Wenye msimamo wakiondoka wote, chama hakibakiwi na mtu wa kuuliza. Lakini wakiamua kuuza kura, usisaini. Hapo hata wingi wa mikono haukubadilishii jambo. Mpelekee taarifa Afisa Ushirika wa wilaya au Mrajis Msaidizi mkoani Songwe, kwa maandishi, ubaki na nakala.

Sitaki pia ukae ukidhani kwamba tajiri ndiye hatari pekee. Kule Ruvuma, miaka ya 1960, wakulima wa Litowa na vijiji vya jirani waliunda umoja wao wa maendeleo. Walipokea misaada ya nje, walikuwa na mashine ya kusaga, na maamuzi waliyafanya wenyewe mikutanoni. Hawakuangushwa na mwenye pesa. Kamati Kuu ya TANU ndiyo iliyouvunja umoja huo mwaka 1969, na mali zake zikachukuliwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchi nzima vikavunjwa pia, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Waliofanya hivyo walizungumza lugha ya misimamo. Kwa hiyo mtu akija kwenu akiwa na cheo badala ya lori, akitaka naye kuamua juu ya kahawa yenu, mpige hesabu ile ile.

Juu ya huyo mfanyabiashara mwenyewe, nenda ukamwone. Nenda na mjumbe mwingine, usiende peke yako, na usipokee hata nauli. Msalimie kama mtoto wa nyumbani, kwa sababu ndivyo alivyo. Huenda amezungukwa na watu wanaomwambia kwamba wananchi hawaelewi lugha nyingine isipokuwa pesa, na huenda hajawahi kukutana na mkulima aliyemwambia kwa heshima: kaka, ghala tunalitaka, udiwani gombea, sera zako tutazisikiliza kama za wengine, ila viwili hivi tusiviweke kwenye karatasi moja. Wapo watakaokasirika. Wapo pia wanaopumua wakisikia hivyo, maana kununua watu ni gharama isiyokwisha.

Kabla ya mkutano mkuu, dai rasimu ya mkataba kwa Kiswahili, ibandikwe ofisini siku kadhaa mapema, na siku ya mkutano isomwe kwa sauti neno kwa neno. Ukiipata, anza na mambo haya. Angalia ghala litajengwa kwenye kiwanja cha nani na hati ina jina gani, maana jengo huenda na ardhi yake. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji uridhie, na mwenyekiti wa kijiji hawezi kuitoa peke yake. Angalia risiti ya mtambo imeandikwa jina la chama au lake. Angalia kama kuna mstari unaowalazimisha kumuuzia yeye, au kununua pembejeo dukani kwake, na kwa miaka mingapi. Halafu tafuta kifungu cha kuvunja mkataba: kinasema nini akikosa udiwani? Kama ghala linarudi kwake siku hiyo, kisome kifungu hicho mara mbili mbele ya wanachama, polepole, kisha uwaachie nafasi ya kuuliza.